Ndiyo Zote za Mbok Sumirah

Watubolong, 4 Machi 1991

Kwa mdogo wangu Retnaningsih, Daktari wa Vichwa, huko mjini Surabaya,

Assalamu alaikum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima na umelala vya kutosha, maana mara ya mwisho macho yako yalikuwa yameingia ndani kama ya paka wa sokoni. Huku hatujambo. Shemeji yako Warsini mzima, jino tu. Mvua imegoma, na hilo si habari. Hii milima ya chokaa inakunywa maji kuliko mimi ninavyokunywa kahawa.

Sasa kaa chini. Umekaa? Basi sikia: katika wanaume wote waliozaliwa upande huu wa Java, mwenye bahati kuliko wote ni huyu kaka yako. Fomu zako zimekwisha. Mia mbili na kumi na mbili! Nyumba mia mbili na kumi na mbili, siku tisa, bila msaidizi, na viatu ni vilevile.

Wewe ulikuwa na hofu. Ulisema, "Kaka, watu wa kwetu hawamwambii mgeni ukweli, wanamwambia kile kitakachomfurahisha." Mgeni ni nani? Ni mimi? Mimi Tukiran, niliyefika Singapore mara mbili (ya pili sikushuka melini, lakini niliiona vizuri), ninayeuza mafuta ya nge na dawa ya mgongo katika masoko saba kwa kipaza sauti changu mwenyewe? Wenzangu Mungu amewapa mashamba, mimi kanipa milango. Kila mlango unanifungukia kabla sijabisha. Nikifika tu, "Karibu Kang Tukiran, kaka yetu, pita jikoni, chai ipo!" Nimekunywa chai mpaka nikawa natembea nasikika kama mtungi.

Nimefanya kama ulivyoniandikia: jikoni, taratibu, kila swali mara mbili. Kwa mlezi wetu Mbok Sumirah nilikaa mchana mzima na nikala tiwul ya muhogo sahani tatu. Anakusalimu sana. Anasema mtoto niliyemwogesha kwa mikono yangu leo anaogesha akili za watu, basi nife hata kesho.

Kuhusu lile swali la arobaini na moja, "Je, una tabia ya kujisifu kupita kiasi?", nataka kumjua aliyelitunga, kwa sababu huyo ananifahamu.

Mzigo nimempa dereva wa lori la matofali, umefungwa kwa kamba mbili. Soma, upate hiyo shahada yako kubwa, na siku ukivaa joho uwaambie wote: bila Tukiran wa darasa la nne (nililisoma mara mbili, kwa hiyo ni sawa na la tano) kusingekuwa na daktari.

Kaka yako,
Tukiran


Surabaya, 28 Machi 1991

Mpendwa Kaka Tukiran,

Waalaikum salaam. Nashukuru kusikia nyote hamjambo. Mwambie Shemeji aende akang'olewe hilo jino, na kwa mtu mwenye koleo safi, si kwa rafiki yako wa sokoni. Mimi mzima. Usingizi bado adimu, lakini sasa naukosa kwa furaha.

Kaka, sijui nikushukuru vipi. Miaka tisa nimeutafuta ugonjwa huu, skizofrenia, ule unaomfanya mtu asikie sauti za wasiokuwepo, aziamini na aziogope kuliko za watoto wake. Na miaka tisa kila mtafiti aliyekwenda vijijini amerudi na karatasi zisizo na thamani, kwa sababu moja unayoijua: kwetu anayeulizwa na mkubwa au mgeni anajibu "ndiyo". Ndiyo yetu ni kama kumtandikia mtu mkeka. Haina uhusiano na swali.

Ndiyo maana nikatunga njia yangu. Aulize mtu wa kwao, asiyevaa koti jeupe. Aulize jikoni, moto ukiwaka, mikono ya mwenye nyumba ikiwa na kazi. Aulize mara mbili, ya pili akiligeuza swali, ili anayeitikia kwa adabu ajigonge mwenyewe. Sehemu ya pili, ya hulka zilizopinda, isiulizwe mpaka watu wamecheka kwanza. Kazi hiyo nani angeiweza kama si wewe?

Matokeo yamenishtua. Vitabu vinatuambia mgonjwa ni mtu mmoja katika mia. Kwako nimepata arobaini na mmoja katika mia mbili na kumi na mbili. Nilimwendea Profesa Danukusumo nikamwambia hizi ni nyingi mno. Akavua miwani, akasema, "Daktari, si nyingi. Ni kwamba kabla yako hakuna aliyejua kuuliza." Kaka, mzee yule hajamsifu mtu tangu nimjue. Nilitoka ofisini kwake miguu haigusi sakafu.

Juni tunayasoma matokeo mbele ya mkutano mkubwa. Nikipita hapo, nitaomba kliniki ijengwe huko kwetu, na ndugu wanaofungwa miguu kwenye gogo nyuma ya zizi kama tulivyomwona Parno tukiwa watoto watapata dawa badala ya gogo. Hilo tu ndilo nililolisomea.

Mbusu Mbok Sumirah mikono yote miwili.

Mdogo wako,
Ning


Watubolong, 2 Agosti 1991

Retnaningsih,

Assalamu alaikum. Afya yako sitaiuliza leo, nitaiuliza siku nyingine. Yetu ni mbaya.

Alhamisi lori la serikali lilikuja kijijini, wahudumu wanne ndani na karatasi ya namba. Namba, Ning! Kama wanakuja kuchukua magunia. Karani wa kijiji akafungua daftari, akaoanisha namba na majina, na wakachukua watu sita "wenye alama za juu kabisa". Unajua wa kwanza alikuwa nani? Namba 147. Mbok Sumirah.

Mbok Sumirah! Aliyetunyonyesha sote wawili mama alipokuwa hoi! Ambaye kila kuku wa kijiji hiki akipotea anajua ameingia kwa nani! Nilikuwa nimesimama pale. Nilimsikia kijana wa lori anamwambia, "Bibi, tunakwenda kukupima kidogo." Naye anajibu kwa kuinama, "Ndiyo, Bwana." "Unaumwa kichwani, Bibi?" "Ndiyo, Bwana." Akaingia ndani, akavaa ile kebaya yake, blauzi ya kuendea harusi za watu, akafunga tempe ya soya kwenye jani la mgomba ili asiende kwa watu mikono mitupu, akapanda lori mwenyewe. Akawashukuru. Akawashukuru, Ning!

Na gazeti nalo! Watubolong, "Kijiji Kinachosikia Sauti", picha ya kisima chetu, jina lako chini na la Profesa juu. Sasa nikifika sokoni siku ya Kliwon, siku ya gulio, Jumadi muuza sabuni ananipigia kelele mbele ya wateja: "Kang Tukiran! Sauti zinasemaje leo, mafuta ya nge yapande au yashuke?" Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Binti wa Mzee Sastro posa yake imerudishwa, wanasema wenye kijana hawataki mbegu ya kichaa. Jirani yangu anaita mbuzi wake kwa mkono, anaogopa akitoa sauti ataandikwa.

Sisi tulikupa vichwa vyetu uvisome, hatukukupa uviuze. Ulipokwenda shule viatu vyako vilinunuliwa na kijiji kizima. Hivi ndivyo wasomi mnavyolipa? Umesoma miaka mingapi ili ushindwe kumtofautisha mwenye wazimu na mwenye adabu? Mimi wa darasa la nne ninamtofautisha nikiwa nimefumba macho!

Mrudishe Mbok Sumirah. Wiki hii.

Kaka yako, kwa sasa,
Tukiran


Surabaya, 19 Agosti 1991

Kaka Tukiran,

Assalamu alaikum. Sikukujibu haraka kwa sababu nilitaka kwanza niende nikamwone, na kwa sababu barua yako ilinikata mikono.

Lori sikulituma mimi. Fomu zinafika kwangu zikiwa namba, bila majina, ili nisimpendelee mtu. Mimi niko ghorofa ya karatasi, wagonjwa wako jengo la nyuma la hospitali hiihii. Mbok Sumirah alikuwa hatua mia mbili kutoka kwenye meza yangu na sikujua. Profesa aliamua wale sita walazwe "kwa uangalizi" bila kunishirikisha. Nilipomuuliza akasema, "Nilidhani utafurahi."

Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda. Dawa zimeikaza shingo yake na mikono inatetemeka. Alinitambua. Akasogea ili nikae, akatafuta kitu cha kunipa, akanipa nusu ya biskuti ya hospitali. Kisha Profesa akaingia na wanafunzi wake kumi. Nakuandikia kama nilivyosikia.

"Bibi, bado unasikia sauti ya marehemu mumeo?"

"Ndiyo, Bwana Daktari."

"Inakuamuru ufanye mambo?"

"Ndiyo, Bwana Daktari."

"Inakuamuru umdhuru mtu?"

"Ndiyo, Bwana Daktari," na tabasamu lake lilelile, Kaka, la kumkaribisha mtu chakula. Wanafunzi wote wakaandika.

Nikashindwa kuvumilia. Nikapiga magoti nikamuuliza, "Mbok, chini ya kitanda hiki kuna tembo?" Akatazama chini. Akanitazama mimi. Akasema, "Ndiyo, mwanangu, kama ndivyo unavyoona wewe."

Mwanafunzi mmoja alicheka. Profesa hakucheka. Alinitoa nje akaniambia, "Daktari, ningekubaliana nawe kuwa ni adabu tu, kama majibu haya yangekuwa ya hapa wodini peke yake. Lakini fomu yake ya nyumbani ina ndiyo sitini kati ya maswali sitini. Kule hakukuwa na koti jeupe. Aliulizwa jikoni kwake, na mtu aliyemlea yeye mwenyewe tangu utotoni, kila swali mara mbili. Hiyo ni njia yako. Ama njia yako ni nzuri na huyu ni mgonjwa, ama huyu ni mzima na kazi yako yote ni takataka. Chagua."

Sasa nikuulize, na usinijibu kwa kelele. Ndiyo sitini? Hata kichaa wa kweli hajibu ndiyo sitini. Uliuliza vipi?

Mdogo wako,
Ning


Watubolong, 27 Agosti 1991

Mdogo wangu Ning,

Assalamu alaikum, na pole kwa uliyoyaona. Nimeisoma barua yako mara tatu. Warsini alinikuta chooni naisoma, akadhani nimepoteza fahamu.

Huyo Profesa ni mtu wa namna gani? Ana mama? Alizaliwa au alinunuliwa dukani? Mjane wa miaka sabini na mbili anamwambia "ndiyo, Bwana" kwa heshima aliyofundishwa na wazazi wake, yeye anamjaza dawa mpaka shingo inakakamaa! Mumewe akisemezwa usiku wa kuamkia Ijumaa, kuna ubaya gani? Na mimi nasema na baba kila wiki, namweleza bei ya muhogo. Hanijibu, lakini hata alipokuwa hai alikuwa hanijibu. Basi nifungwe! Java yote ifungwe, tuone nani atabaki kumpikia Profesa!

Nitakuja huko na kipaza sauti changu. Nitasimama langoni pa hospitali nimtangaze kama ninavyotangaza dawa ya kunguni. Unijue vizuri, mimi niliwahi kumnyamazisha nahodha wa meli ya Kigiriki kwa maneno matupu, na Kigiriki sikijui.

Hilo la fomu usijisumbue nalo. Niliuliza kama inavyoulizwa. Watu walijibu. Mambo ya karatasi mnayajua ninyi.

Warsini anakutumia chipsi za muhogo. Jino limetoka.

Kaka yako,
Tukiran


Surabaya, 5 Septemba 1991

Kaka,

Assalamu alaikum. Chipsi zimefika, nyingi nimempelekea Mbok. Anashindwa kuzishika, namlisha.

Nilikuomba usinijibu kwa kelele, ukanipa nahodha wa Kigiriki.

Sikia. Uliniandikia kwamba ulikaa mchana mzima jikoni kwa Mbok Sumirah, ukala tiwul sahani tatu. Jana nikimlisha nilimwuliza, bila kuuliza ndiyo au siyo, nikasema tu, "Mbok, nisimulie Kaka Tukiran alipokuja na karatasi." Akafikiri sana, maana dawa zinamfanya polepole. Akasema, "Tukiran hajaingia kwangu tangu mwaka juzi. Ana haya. Mwambie goti langu lilishapona."

Nilimkimbilia Profesa na maneno hayo. Unajua alivyonijibu? "Ushahidi wa namba 147? Huyo aliyesema kuna tembo chini ya kitanda?"

Umeona walipomfikisha? Akisema ndiyo, ni mgonjwa. Akisema vingine, ni maneno ya mgonjwa. Hana neno lolote lililobaki ambalo ni lake. Nimemaliza usiku mbili nikilia kwa hasira, na hasira yenyewe nusu ni ya kwangu mimi. Nami niliwaona wale wagonjwa arobaini na mmoja kwenye karatasi na nikajua, Kaka. Nilijua moyoni. Lakini nilisifiwa, na sifa ilikuwa tamu.

Tarehe 30 Septemba bodi ya hospitali inakaa. Profesa anaomba wale sita wahamishiwe wodi ya kudumu, yeye aendelee kuwachunguza. Ya kudumu, Kaka, maana yake unaijua. Mimi nimeomba nafasi ya kusema. Nitasema utafiti wangu ufutwe. Lakini Mwenyekiti ameniambia wazi: neno la daktari anayeikana kazi yake bila sababu halitoshi, atadhaniwa ameugua yeye. Wanataka barua ya aliyeuliza maswali. Yenye jina lake na sahihi yake, ikieleza aliuliza wapi, lini, vipi.

Jambo ni hilo tu. Utafiti ukifutwa sijui kama kuna mtu atanipa tena kalamu. Hilo niachie mimi. Wewe niandikie ukweli.

Mdogo wako,
Ning


Surabaya, 21 Septemba 1991

Kaka Tukiran,

Salamu. Siku kumi na sita, na posta haijapotea, nimeulizia.

Mbok hasimami tena bila kushikwa. Leo asubuhi nesi alimwuliza kama ameshakunywa chai, akajibu ndiyo, wakaondoa birika. Alikuwa hajanywa kitu tangu jana.

Zimebaki siku tisa. Wewe unayeweza kusema na soko zima, sema na mimi mtu mmoja.

Ning


Surabaya, kwenye benchi la nje ya lango la hospitali, 29 Septemba 1991

Mdogo wangu Ning, na ninyi waheshimiwa wa bodi mtakaosomewa,

Assalamu alaikum. Afya yangu nzuri, haistahili kuwa nzuri. Nimefika na basi la asubuhi. Mlinzi hataki kuniingiza kabla ya saa za kutazama wagonjwa, kaniazima kalamu na ubao wa kuandikia. Barua nitamkabidhi yeye akuletee, kwa sababu nikikuona uso kwa uso nitaanza kuchekesha, nikianza kuchekesha nitadanganya. Najijua.

Mimi Tukiran bin Kromodiran, muuza dawa wa masokoni, ndiye niliyejaza fomu mia mbili na kumi na mbili za Watubolong. Nieleze kama mlivyotaka: wapi, lini, vipi.

Siku ya kwanza nilikwenda nyumba kwa nyumba. Nilibisha hodi kwenye nyumba kumi na moja. Watu walikuwamo. Nilisikia vijiko, nilisikia mtoto anazibwa mdomo asicheke. Nyumba ya Mzee Sastro mtu alisema kabisa kutoka ndani, "Sisi hatupo!" Kisa ni mafuta. Mwaka juzi niliongeza kitu kwenye mafuta ya nge ili yawe na moto zaidi, nikawauzia watu wa kijiji changu mwenyewe, yakawababua ngozi. Mbok Sumirah ndiye aliyeungua kuliko wote, goti zima, na ndiye pekee aliyeniambia asante, yamemsaidia. Tangu hapo Watubolong wananicheka barabarani na kunifungia nyumbani. Mdogo wangu hakuyajua haya. Aliniuliza kama watu watanipokea nikasema Kang Tukiran anapokelewa kila mahali.

Siku ya pili sikutoka. Siku ya tatu ilikuwa siku ya kugawa mbegu za mahindi ukumbini. Watu wote walikuwepo, wanangoja. Nikachukua kipaza sauti, nikapanda juu ya kreti, nikasoma maswali kama ninavyotangaza dawa. "Nani hapa anasikia sauti ya mtu asiyekuwepo?" Ukumbi mzima ukaitikia, "Ndiyooo!" "Nani anadhani majirani wanamsema vibaya?" "Ndiyooo!" Walikuwa wananikebehi. Lilipofika lile la kujisifu kupita kiasi wakaacha hata kuitikia, wakaninyooshea vidole, wakagonga sakafu kwa miguu. Nami nikacheka nao, nikajifanya mambo yanakwenda nilivyopanga.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mbok Sumirah alikuwa amekaa mstari wa mbele kwenye mkeka. Aliona naaibika. Basi kila swali nililosoma alilijibu yeye, peke yake, kwa sauti yake ndogo, akinitazama usoni na kuitikia kwa kichwa, kama mama anavyofanya mtoto akisoma mbele ya mwalimu. Swali la kwanza mpaka la sitini. Mengine sidhani hata aliyasikia. Alitaka tu nimalize salama.

Nilirudi nyumbani, nikajifungia siku sita, nikajaza. Wote nikawagawia ndiyo na hapana kwa makisio, mwenye sauti kubwa ukumbini nikampa ndiyo nyingi, mpole nikampa chache. Wale watano wengine mliowachukua ni wacheshi wa kijiji tu. Parno, ambaye anaumwa kwelikweli na amefungwa kwenye gogo mpaka leo, nilimwandikia hapana zote, kwa sababu hakuwepo ukumbini. Na fomu ya Mbok Sumirah nikaijaza mwisho, kwa uangalifu, ndiyo sitini, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Nilidhani ninamheshimu. Nilidhani ndiyo ni kitu kizuri kumwandikia mtu.

Kwa hiyo, waheshimiwa, yule mama hana kichaa. Msimwulize yeye, atawajibu mnavyotaka. Niulizeni mimi, niko langoni.

Ning, nilikutukana kwamba umeuza vichwa vyetu, na mwenye biashara nilikuwa mimi. Siku zile kumi na sita sikuwa mgonjwa wala safarini. Nilikuwa nimekaa na kalamu, nashindwa kuandika sentensi moja, na nitaiandika sasa. Ile bahati ya milango niliyokuandikia mwezi Machi ni uongo. Sikuingia nyumba hata moja. Hakuna aliyenifungulia.

Kaka yako,
Tukiran